Mama hataki maji wala feni: namna ya kumtunza mzazi mzee katika joto la Dar es Salaam

Msomaji wetu wa Tabata anauliza: "Daktari, shikamoo. Ninaishi na mama yangu mzazi, mwenye miaka 78, ambaye tulimchukua kutoka Njombe mwezi Novemba baada ya baba kufariki. Ana presha ya miaka mingi na sukari anayoitibu kwa vidonge, na tangu mwaka jana amepewa pia kidonge cha mkojo kwa sababu miguu ilikuwa ikivimba. Tangu Januari joto linamtesa. Maji hataki, akinywa ni vikombe viwili kwa siku. Feni anaizima akisema itamletea kichomi. Juzi alfajiri alianguka akienda chooni, ingawa hakuumia. Mimi na mke wangu tunatoka saa 12 asubuhi, anabaki na dada wa kazi. Je, nifunge kiyoyozi, au nimrudishe Njombe?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Maswali yako mawili ya mwisho nitayajibu, lakini naomba uniruhusu nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, yaani kuanguka alfajiri akielekea chooni. Kwa jinsi ninavyoyasoma maelezo yako, kukataa maji, kidonge cha mkojo na kule kuanguka ni tatizo moja lenye sura tatu, na kiyoyozi hakitaligusa hata kikifungwa leo.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33 hivi, kiwango ambacho mtu wa Dodoma au wa Misri hawezi kukiona kuwa cha kutisha. Ugumu wa jiji letu uko kwenye unyevunyevu wa bahari na kwenye usiku. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, mtu akapoteza maji na chumvi huku mwili ukibaki na moto wake. Usiku nao haushuki sana chini ya nyuzi 25, na ndani ya nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa kwa mabati huwa juu zaidi, kwa kuwa ukuta uliopigwa na jua la alasiri hurudisha joto lake chumbani wakati watu wamelala. Ufaransa ilijifunza jambo hili kwa uchungu Agosti 2003, ambapo watu karibu 15,000 walifariki kwa sababu ya wimbi la joto, wengi wao wakiwa wazee wa miaka 75 na zaidi. Miongoni mwa yaliyowaumiza ni kwamba usiku haukupoa, hivyo moyo na mishipa havikupata saa za kupumzika. Mama yako, kwa miaka yote hiyo, alikuwa na usiku wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hata Januari mtu hulala na blanketi.

Mwili wa mzee pia haufanyi kazi kama wako. Kwa mtu mzima wa umri wako maji ni karibu asilimia 60 ya uzito wake. Kwa mzee, hasa mwanamke, hushuka hadi karibu nusu, kwa hiyo akiba ni ndogo tangu mwanzo. Figo zake hazina tena nguvu ya kubana mkojo ili kuhifadhi maji. Tezi za jasho hutoa jasho kidogo na kwa kuchelewa. Zaidi ya yote, ile kengele ya kiu iliyomo ubongoni hufifia, kiasi kwamba mzee anaweza kuwa amekaukiwa na maji akakwambia kwa unyoofu kabisa kuwa hana kiu. Hata kuhisi joto lenyewe hupungua. Ukimkuta mama amevaa sweta mchana wa Februari, usidhani anafanya ukaidi. Ngozi yake haimpi habari kamili.

Lakini kiu iliyofifia haitoshi kueleza kwa nini mtu anywe vikombe viwili tu. Nitakusimulia yaliyonipata mwenyewe. Mama yangu mzazi alipokuja kukaa nasi Magomeni, nilimwekea kila asubuhi jagi la lita mbili mezani na kumwagiza alimalize kabla sijarudi kazini. Kila jioni jagi lilikuwa tupu, nami nikafurahi. Wiki ya pili alizimia, na vipimo vikaonyesha amekaukiwa. Mjukuu ndiye aliyeniambia kwamba bibi alikuwa akimwagilia maji yale mche wa mlimao uliokuwa karibu na dirisha. Nilipoketi naye na kumuuliza kwa upole, alinijibu kuwa choo kiko mbali, koridoni ni giza, na kila akiamka usiku anamwamsha mkwe wake ambaye lazima adamke kwenda kazini. Mimi, daktari, nilikuwa nimehesabu lita na sikuwahi kutembea ile njia ya kutoka kitandani kwake hadi chooni.

Naamini mama yako anafanya hesabu hiyohiyo. Njombe alikuwa mwenye nyumba, njia ya chooni aliijua hata gizani, na hakuwa na wa kumwonea haya. Tabata yuko kwa mwanawe wa kiume na mkwe wake, na kwa mwanamke wa umri wake kuonwa na mkwe akiwa amechelewa kufika chooni ni fedheha ambayo angeikwepa hata kwa kukaa na koo kavu siku nzima. Kwa sababu hiyo, nakushauri usilizungumze jambo hili wewe. Mtafute shangazi, dada yako, au bibi wa jirani ambaye wameshazoeana, aongee naye faraghani, amuulize anaamka mara ngapi usiku na anaogopa nini njiani.

Kisha itengeneze njia hiyo wiki hii, kabla ya kununua chochote kikubwa. Weka taa ndogo ya kuchaji inayowaka usiku kucha, kwa kuwa umeme ukikatika saa 8 usiku ndipo watu huanguka. Ondoa mkeka na waya wa feni njiani. Badilisha ndala zilizosagika, ambazo huteleza kwenye vigae vyenye maji, umpatie viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma na soli isiyoteleza. Fundi akufungie chuma cha kushikia ukutani kando ya choo. Kama choo ni cha kuchuchumaa, upo mtindo wa kiti cha plastiki au cha chuma chenye tundu, kinachowekwa juu yake. Kama choo kiko mbali na chumba chake, mpe ndoo yenye mfuniko na kiti imara chenye tundu, ndoo ikae chini ya kiti hicho, na mkubaliane kwamba dada wa kazi ndiye atakayeishughulikia asubuhi, wewe na mkeo msiiguse. Makubaliano hayo ya mwisho yana uzito kwake kuliko ndoo yenyewe.

Upande wa dawa, kidonge cha mkojo kimezwe asubuhi, saa 1 au saa 2, ili kazi yake iishe mchana. Wapo wagonjwa wengi wanaokimeza jioni pamoja na dawa nyingine kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na hao ndio wanaoamka mara nne. Alasiri, kuanzia saa 9 hivi, alale au aketi akiwa ameinua miguu juu ya mito kwa saa moja au mbili, maana maji yaliyoshuka miguuni kutwa hurudi kwenye damu anapolala usiku na kuwa mkojo. Afadhali yarudi mchana.

Sasa maji. Mwanamke mzee mwenye afya huhitaji kunywa si chini ya lita 1.6 kwa siku, ikijumuisha chai, uji, maziwa na maji ya matunda, na zaidi ya hapo siku za joto kali. Mama yako, hata hivyo, alipewa kidonge cha mkojo kwa sababu ya uvimbe wa miguu, na hukueleza kama uvimbe huo ulitokana na moyo, figo au dawa ya presha. Kama moyo hausukumi damu ipasavyo, au figo zimechoka, maji mengi ya ghafla yanaweza kumjaa mapafuni. Kwa hiyo swali la kwanza mtakaloliuliza kliniki ni hili: anywe lita ngapi kwa siku katika msimu huu? Pamoja na tahadhari hiyo, vikombe viwili ni vichache mno hata kwa wengi wa wagonjwa wa moyo waliowekewa kikomo, basi wakati mnasubiri miadi muongezeni polepole, kikombe kimoja zaidi kila siku, mkimpima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, au akianza kuhema akilala chali, msisubiri tarehe ya kliniki.

Namna ya kumpa ina maana kubwa. Jagi kubwa humtisha mzee. Nusu kikombe kila baada ya saa moja, kikiletwa na mtu na kunywewa mbele yake katika mazungumzo, huingia bila vita. Kiasi kikubwa kiishe kabla ya saa 11 jioni. Chai ya rangi isiyo kali inahesabiwa, usimnyime. Uji mwepesi, supu isiyo na chumvi nyingi, tango na kipande cha tikiti maji vyote vina maji. Kwa kuwa ana sukari, juisi ya miwa na soda ziwekwe mbali, kwani sukari ikipanda kwenye damu humfanya akojoe zaidi na kukaukiwa zaidi. Ndiyo maana pia rangi nyeupe ya mkojo, ambayo kwa mtu mwingine ingetupa faraja, kwake haitoshi kuwa uthibitisho. Madafu ni kinywaji chetu kizuri, lakini yana potasiamu nyingi, na baadhi ya dawa za presha huizuia potasiamu isitoke mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu. Kabla ya kumzoesha dafu kila siku, akapimwe figo na potasiamu. Vivyo hivyo maji ya chumvi-chumvi ya pakiti, yaani ORS, ni dawa ya mtu anayeharisha au kutapika, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa juu yake. Yana chumvi, na hayafai kunywewa kama burudisho la kila siku na mtu mwenye presha.

Kuhusu kule kuanguka, kuna jambo jingine nataka mlipime. Katika joto mishipa ya damu ya ngozi hutanuka ili mwili upoe, na presha hushuka; dawa ile ile iliyomtosha katika baridi ya Njombe inaweza kuwa nyingi mno Dar es Salaam mwezi Februari. Mnunulie au mwazimeni kipimo cha presha cha mkononi. Alale dakika tano, apimwe, kisha asimame mtu akiwa kando yake, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmeshapata sehemu ya sababu ya kuanguka. Fanyeni hivyo asubuhi nne au tano, mwandike kwenye daftari, mlipeleke kwa daktari wake pamoja na vidonge vyote vikiwa katika mfuko mmoja, hata vile vya mafua na vya usingizi vilivyonunuliwa duka la dawa, kwa sababu baadhi yake huzuia jasho na kuvuruga akili za mzee. Msipunguze wala msikatishe dawa wenyewe. Hospitali za rufaa za mkoa hapa jijini, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina dirisha la wazee; mwenye miaka 60 na zaidi ana haki ya kulitumia, na kitambulisho chake kinatosha kuonyesha umri. Wakati huo, azoeshwe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili akichezesha nyayo kabla ya kusimama.

Feni nayo usiigombanie. Kichomi husababishwa na vimelea vinavyoingia mapafuni, na upepo wa feni hauvizalishi. Hata hivyo mzee aliyeishi nyanda za juu ameona watu wakiugua kifua baada ya upepo wa baridi, na ushahidi wa macho yake hautafutwa na maneno yangu. Geuza feni itazame ukuta au miguu yake, iwe chini, mwendo wa kwanza, ili hewa itembee bila kumpiga kifuani. Kumbuka pia chandarua. Usikiondoe, lakini jua kuwa kinazuia sehemu kubwa ya upepo, kwa hiyo feni iwe karibu na upande wa miguuni na chandarua kivutwe kisigusane na mwili. Kinachosaidia kuliko feni peke yake ni maji juu ya ngozi: khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa ikae mabegani, miguu iwe kwenye beseni la maji ya kawaida dakika ishirini saa 8 mchana, na kuoga kabla ya kulala. Maji ya bomba yakikatika, ndoo moja iwe daima imetengwa kwa ajili yake na isiguswe kwa kufulia.

Chunguza chumba anacholala. Kama ukuta wake unapigwa na jua la magharibi, mbadilishane vyumba mpaka msimu upite; hilo ni bure na mara nyingi linashinda mashine. Mchana, kuanzia saa 5 hadi saa 10, asibaki chini ya bati lisilo na dari. Aketi barazani au chini ya mti, madirisha ya upande wa jua yakiwa yamefungwa mapazia, kisha jioni yafunguliwe yote pamoja na mlango ili hewa ipite. Jiko la mkaa liwe nje. Ukipata fedha, dari na rangi nyeupe juu ya bati vitaisaidia nyumba yote kwa miaka mingi.

Anayekaa naye kutwa ni dada wa kazi, na maisha ya mama yako yamo mikononi mwake zaidi ya mwako au mwangu. Mfundishe kwa heshima, mwachie simu yenye salio na pesa ya bajaji, na umwambie wazi kuwa hatakemewa kwa kupiga simu bila sababu kubwa. Dalili za mwanzo ni uchovu usio wa kawaida, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kukojoa mara chache. Hapo mama apelekwe kivulini, alegezewe nguo, apepewe na kunyweshwa kidogo kidogo. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kusema yasiyoeleweka, kushindwa kusimama, au mwili ukawa wa moto sana, iwe ngozi ni kavu au ina jasho, hicho kinaweza kuwa kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili huzidi nyuzi 40 na kila dakika ina thamani. Amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma, vitambaa vibichi viwekwe shingoni, makwapani na kwenye manena, na kupoza huko kuendelee hata ndani ya gari mkimkimbiza hospitali, madirisha yakiwa wazi. Asinyweshwe kitu ikiwa hajitambui. Panadoli haishushi joto la aina hii.

Hapa naomba niseme jambo linaloniumiza. Jijini kwetu mwili ukichemka, neno la kwanza ni malaria. Nimewahi kumpokea babu aliyekaa siku tatu akimeza dawa ya malaria aliyopewa katika zahanati moja bila hata tone la damu kupimwa, kumbe alikuwa amekaukiwa na maji huku akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua takriban dakika ishirini tu. Kidai. Na ujue kuwa kwa mzee maambukizi huweza kuja bila homa kabisa, yakajionyesha kwa kuchanganyikiwa peke yake, kwa hiyo mama akibadilika ghafla akili, hata mwili ukiwa wa kawaida, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Nikirudi kwenye maswali yako, kiyoyozi kifunge kama uwezo upo na ukishamaliza njia ya chooni; kikitegwa nyuzi 26 au 27 kwa saa chache za mwanzo wa usiku kinatosha, nacho LUKU itakihimili vizuri kuliko kikitegwa nyuzi 18, ambazo yeye angezikataa. Kumrudisha Njombe sasa sikushauri. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuanza kulizoea joto, na wa mzee huchukua muda zaidi. Miezi hii aliyokaa imeshamsaidia kwa kiasi. Safari ya basi ya karibu kilomita 700 katika hali aliyo nayo ingekuwa hatari, maana wazee wengi hawanywi kitu tangu jana yake ili wasimsumbue dereva kusimama. Tena, umeniambia baba amefariki. Nani atakuwa naye huko usiku? Kaeni na ndugu zako mlipange jambo hili bila kumficha. Akitaka kwenda, aende presha yake ikishatulia na masika yakishapoza barabara, asindikizwe, mlale Iringa au Morogoro mkiweza, na miaka ijayo apange kuja kwenu Juni au Julai, kusi inapovuma, ambapo hata Tabata yeye ataomba shuka la kujifunika.